Windows 7 inagoma kwenye laptopu mpya: mashine ni nzima, na kazi yako ya stika bado inaweza kuendelea

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina kiofisi cha kukata stika na maandishi ya bajaji na daladala hapa Morogoro. Kwa miaka mingi nimetumia kompyuta ya mezani yenye Windows 7, programu ya kukatia iliyokuja na mashine kwenye CD, na kile kifunguo cha USB ambacho usipokichomeka programu haifunguki. Mwezi uliopita kompyuta ile iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Nikanunua laptopu mpya yenye prosesa ya Intel kizazi cha 12 na Windows 11, lakini programu yangu haikioni kifunguo. Fundi wa kwanza alijaribu kuweka Windows 7. Flashi haikuonekana mpaka alipozima kitu kinachoitwa Secure Boot, kisha ikakwama kwenye maandishi ya 'Starting Windows'. Fundi wa pili alikuja na Windows 7 'iliyoboreshwa'. Hiyo ilifika mpaka kwenye kuchagua lugha. Kibodi ya laptopu ilifanya kazi, lakini padi ya kugusa na mausi ya USB vikafa, na mwisho ikasema haioni diski. Sasa hata nikiwasha Windows 11 nadaiwa namba ndefu ambayo siijui. Je, nimeuziwa laptopu mbovu? Fundi wa tatu anasema kwa shilingi 150,000 atabadilisha BIOS iwe ya zamani. Nimruhusu?"*

Dada yangu, pole kwa hasara ya kompyuta na kwa usumbufu uliofuata. Nianze na swali la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari: usimruhusu. Nitaeleza sababu zake huko chini, lakini hata kama hutasoma zaidi ya hapa, naomba laptopu hiyo isifunguliwe wala isiguswe BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine) na mtu yeyote. Laptopu uliyouziwa si mbovu. Dalili zote ulizozitaja ni zile ambazo laptopu nzima ya kizazi cha 12 huonyesha mtu anapojaribu kuipandishia Windows 7, na umezieleza kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba naweza kukuonyesha moja baada ya nyingine zilitokana na nini.

Kabla ya hapo, tushughulikie ile namba ndefu, maana bila hiyo huwezi hata kufungua kazi zako. Laptopu nyingi za sasa zenye Windows 11 huja diski yake ikiwa imesimbwa kwa BitLocker, na ufunguo wa kuifungua hutunzwa ndani ya chipu ya usalama iitwayo TPM. Chipu hiyo hutoa ufunguo pale tu inapojiridhisha kuwa mashine imewaka kwa njia ileile iliyozoeleka. Fundi wa kwanza alipozima Secure Boot, mazingira ya kuwaka yalibadilika, chipu ikakataa, na Windows ikaanza kukudai namba ya akiba yenye tarakimu 48. Hatua ya kwanza ni kurudi kwenye mipangilio ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa, na kuwasha tena Secure Boot, na kurudisha kila kitu kingine kilichoguswa kama kilivyokuwa. Mara nyingi dai hilo huondoka lenyewe. Lisipoondoka, chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku laptopu ilipowashwa kwa mara ya kwanza, fungua sehemu ya vifaa vyako, na utaikuta namba hiyo imehifadhiwa huko. Ikiwa aliyekuuzia ndiye aliyeiandaa laptopu kwa akaunti yake, basi namba iko kwake, na una haki ya kumrudia akupatie. Usikubali mtu akuambie dawa ni kufuta diski mpaka njia hizo zimeshindikana. Kuna jambo moja la kukutuliza: kwa kuwa Windows 7 iliyoboreshwa haikuiona diski, haikuweza kufuta wala kuandika kitu chochote juu yake.

Sasa tuje kwenye kiini. Watu wengi, na mafundi wakiwemo, huamini kwamba mashine yenye nguvu zaidi lazima iweze kubeba mfumo endeshi wa zamani ulio mwepesi zaidi. Imani hiyo inaeleweka, ila haiendani na jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Mfumo endeshi hauangalii nguvu ya mashine, unaangalia kama unavifahamu vifaa vilivyomo. Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, na ndani yake yamo maelekezo ya namna ya kuzungumza na vifaa vilivyokuwepo wakati ule tu. Ni kama nahodha aliyepewa ramani ya bandari iliyochorwa mwaka 2009, kisha akaletwa kwenye bandari ambayo magati yake yote yamehamishwa: ujuzi anao na meli ni nzima, lakini kila anapoelekea pa kufunga kamba hakuna gati. Maelekezo hayo ndiyo tunayoyaita draiva, na yasipokuwepo, kifaa hata kiwe kipya na cha bei namna gani hakitaonekana.

Wala tatizo hili si geni. Windows 95 ilikuwa ikishindwa kuwaka kwenye baadhi ya kompyuta zenye prosesa ya AMD K6-2 ya megahezi 350 na kuendelea, kwa sababu sehemu moja ya mfumo ilikuwa ikipima mwendo wa prosesa kwa kuhesabu muda wa mzunguko mfupi, na prosesa ilikuwa na kasi mno kiasi kwamba muda uliopimwa ulitoka sifuri, kisha mfumo ukajaribu kugawanya kwa sifuri na kuanguka. Ilibidi itolewe programu ya kurekebisha. Nguvu ya mashine peke yake haijawahi kuwa dhamana kwamba mfumo wa zamani utaikubali.

Turudi kwenye laptopu yako. Flashi ya kwanza haikuonekana kwa sababu Secure Boot huruhusu tu mifumo iliyotiwa saini inayokubalika kwa mashine, na utaratibu huo ulianza na Windows 8 mwaka 2012. Windows 7 haina saini hiyo. Alipouzima, mashine ilikubali kuanza, kisha ikakwama kwenye "Starting Windows". Hapo ndipo mafundi wengi hubadilisha flashi mara tatu wakidhani ni mbovu, ilhali flashi haina kosa. Windows 7 inapowaka huomba huduma ya kuchora skrini kutoka kwenye BIOS ya zamani. Kompyuta za kipindi cha mpito zilikuwa na UEFI mpya pamoja na kiraka kiitwacho CSM, ambacho kiliigiza BIOS ya zamani kwa ajili ya mifumo kama hiyo. Mwaka 2017 Intel ilitangaza kwamba ifikapo 2020 ingekwisha kuondoa msaada huo kwenye mashine zake. Prosesa za kizazi cha 12 zilianza kutoka mwishoni mwa 2021. Kwa hiyo Windows 7 kwenye laptopu yako inaita huduma ambayo haipo, na hakuna wa kuitikia. Fundi anayesema BIOS "imefungwa" anatafuta kitasa kwenye ukuta usio na mlango.

Fundi wa pili alikuwa na nakala iliyotiwa viraka vya kupita kikwazo hicho, ndiyo maana alifika kwenye kuchagua lugha. Kisha likaja jambo ulilolishangaa: kibodi inafanya kazi ilhali padi ya kugusa na mausi vimekufa. Kibodi ya ndani ya laptopu nyingi mpaka leo imeunganishwa kwa njia ya zamani ya PS/2, iliyoanzia kwenye kompyuta za IBM za mwaka 1987, na njia hiyo Windows 7 inaijua vizuri. Padi ya kugusa ya laptopu za sasa hupitia njia nyingine, I2C, ambayo Windows ilianza kuielewa kwenye toleo la 8. Mausi nayo ilikufa kwa sababu matundu yote ya USB kwenye mashine yako yanaongozwa na kidhibiti kipya cha xHCI. Windows 7 kutoka kiwandani inajua kidhibiti cha zamani, EHCI, na Intel ilikiondoa kile cha zamani kwenye mashine zake kuanzia kizazi cha 6, mwaka 2015. Ndiyo sababu hata kwenye kompyuta za miaka ile, watu walikuwa wakiwasha kwa flashi, ukurasa wa kwanza unakuja vizuri, halafu Windows 7 inadai draiva ya CD au DVD: mashine ndiyo iliyoisoma flashi mwanzoni, lakini Windows 7 ilipochukua usukani haikuiona tena flashi iliyoileta.

Na diski? Diski ya laptopu yako bila shaka ni ya aina ya NVMe, ambayo Windows 7 haina draiva yake mpaka iongezewe sasisho lililotolewa na Microsoft baadaye. Tena laptopu nyingi za kizazi cha 11 na kuendelea huziweka diski nyuma ya kidhibiti cha Intel kiitwacho VMD, na hapo hata flashi ya Windows 11 yenyewe wakati mwingine haioni diski mpaka ipewe draiva ya VMD au kidhibiti kizimwe. Yaani fundi wako alikuwa mbele ya vikwazo viwili vilivyopangana.

Tuseme angevivuka vyote. Ungepata nini? Intel iliacha kutoa draiva za picha za Windows 7 baada ya kizazi cha 6, na mwaka 2016 Microsoft ilitangaza wazi kwamba prosesa mpya zitahitaji Windows ya kisasa. Ungekuwa na skrini isiyobadilika ukubwa wala mwanga, inayochorwa taratibu na prosesa yenyewe, kwa hiyo kila ukisogeza herufi kubwa ya stika ungeiona ikiburuzika; Wi-Fi isingekuwepo; sauti huenda isingekuwepo; na laptopu isingelala vizuri ukifunga kifuniko, jambo linalomaliza betri. Laptopu mpya ungeigeuza kuwa duni kuliko kompyuta iliyoungua.

Kuna na suala la usalama, ambalo nalitilia uzito kuliko hayo yote. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hata taasisi zilizolipia nyongeza ziliishia Januari 2023. Chrome iliishia toleo la 109 kwenye mfumo huo. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry, vilivyofunga mafaili na kudai fidia, vilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, na sehemu kubwa ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa na Windows 7 ambayo haikuwekewa sasisho lililokuwa limetoka miezi miwili kabla. Leo masasisho hayaji tena kabisa. Na ile Windows 7 "iliyoboreshwa" ina hatari ya ziada: mtu usiyemjua amefungua mfumo na kuweka vipande vyake mahali pa ndani kabisa, panapoona kila unachokiandika. Huenda ni mtu mwema. Hata hivyo huna njia ya kuhakikisha, na ofisini kwako unaingia benki na kupokea malipo ya wateja kwa mashine hiyohiyo.

Nadhani hapa ndipo pa kugeuza swali lako. Umeuliza namna ya kuipata Windows 7, lakini unachokihitaji ni kukata stika. Mashine yako ya kukatia haijui Windows ni nini. Karibu mashine zote za aina hiyo hupokea maagizo ya lugha ya HPGL, ambayo ni mistari mifupi ya maandishi inayosema inua kisu, shusha kisu, nenda nukta fulani. Kati ya mashine na kompyuta vipo vitu vitatu vinavyoweza kugoma, na lazima uvitenganishe: programu, kifunguo, na njia ya mawasiliano. Programu zenyewe za enzi za Windows 7 kwa kawaida hufunguka kwenye Windows 11 bila taabu, isipokuwa zile za kale za biti 16, ambazo Windows ya biti 64 haizikubali kabisa. Na wakati mwingine ni kisakinishi tu kilicho cha biti 16 wakati programu yenyewe ni ya biti 32. Kinachogoma zaidi ni draiva, kwa kuwa Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake na hudai draiva ya biti 64 yenye saini, ilhali CD yako ya zamani huenda imebeba ya biti 32.

Kwa hiyo anza na kifunguo. Kitazame chini ya mwanga, usome kilichoandikwa juu yake. Kikiwa na jina HASP au Sentinel, una bahati, kwa sababu kampuni ya Thales inayovimiliki bado inatoa draiva zinazofanya kazi kwenye Windows 11, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Isakinishe hiyo badala ya ile ya kwenye CD, ukiwa umechomoa kifunguo, kisha uwashe upya laptopu na kukichomeka. Nimeona ofisi zikiweka kando programu nzima kwa sababu ya draiva moja ambayo ilipatikana kwa dakika chache. Kikiwa cha jina jingine, mwandikie muuzaji wa programu, umtajie namba iliyo kwenye kifunguo, umuulize kama lipo toleo la Windows 11 na kama kifunguo chako kinalikubali.

Kisha njia ya mawasiliano. Chomeka mashine ya kukatia, fungua Device Manager (sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa), na uangalie kilichoongezeka kwenye orodha. Mashine nyingi hutumia chipu ya kugeuza USB kuwa tundu la COM, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa. Ukiona CH340 au FTDI, draiva za Windows 11 zipo na hazisumbui. Ukiona Prolific PL2303, uwe makini, kwa sababu chipu za zamani za jina hilo, na nyingi za kuigiza, hukataliwa na draiva mpya: utaona alama ya njano na maneno ya Code 10. Hiyo si ishara kwamba mashine yako imekufa. Ikiwa nyuma ya mashine lipo pia tundu la COM la pini 9, nunua waya wa USB kwenda COM wenye chipu ya FTDI, na habari ya Prolific itakuwa imekwisha. Hatimaye, hata kifunguo kikishindikana kabisa, Inkscape ni programu ya bure ya kuchora inayoweza kutuma HPGL moja kwa moja kwenye tundu la COM. Si nyepesi kuizoea kama ile uliyoishi nayo miaka mingi, lakini itakata jina la bajaji, na oda zinazokungoja hazitalala.

Ikiwa baada ya hayo bado unaihitaji Windows 7, iweke ndani ya Windows 11 badala ya kuiweka mahali pake. Zipo programu zinazotengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta nzima ya kuigiza inayoishi ndani ya dirisha. VirtualBox ya Oracle programu yake ya msingi ni ya bure, na VMware Workstation Pro nayo ilifanywa ya bure hata kwa kazi za biashara mwishoni mwa 2024. Uzuri wake unatokana na mambo yaleyale yaliyotukwamisha: kompyuta pepe huionyesha Windows 7 BIOS ya zamani, diski ya SATA ya zamani na kadi ya picha ambayo draiva yake ipo, kwa hiyo yale magati yote yanarudi mahali ambapo ramani inasema yapo. Vifaa vipya vinabaki mikononi mwa Windows 11, inayovijua.

Ukiiandaa, gigabaiti 4 za kumbukumbu na prosesa mbili zinatosha kwa kazi yako. Hakikisha uwezo wa Intel wa kuendesha kompyuta pepe, uitwao VT-x, umewashwa kwenye UEFI, na kumbuka onyo la BitLocker: uwe na namba yako ya tarakimu 48 mkononi kabla ya kugusa mpangilio wowote. Kwenye VirtualBox, chini ya dirisha, ukiona alama ya kobe wa kijani, ujue Windows 11 imeshika uwezo huo kwa shughuli zake na kompyuta pepe itakwenda polepole. Kwa stika utavumilia, ila fundi anayejua anaweza kuliondoa tatizo hilo. Kifunguo cha USB na mashine ya kukatia utavikabidhi kwa kompyuta pepe kupitia menyu ya USB, na kuanzia hapo Windows 11 itaviachilia. Mtandao wa kompyuta pepe uzime kabisa, na michoro uipitishe kwa folda ya pamoja. Windows 7 isiyo na mtandao, inayoishi ndani ya dirisha na kufanya kazi moja, ni Windows 7 ambayo siioni vibaya.

Mipaka yake nayo uijue. Vipo vifunguo vya zamani ambavyo hutambua kuwa viko kwenye kompyuta pepe na kukataa, na zipo mashine za kukatia ambazo mawasiliano hukatika katikati ya kazi ndefu. Pia Windows 7 inahitaji leseni: ile iliyokuja na kompyuta iliyoungua, ikiwa ni ya OEM (iliyowekwa na mtengenezaji wa kompyuta), kwa masharti yake imefungwa na kompyuta ile, iliyonunuliwa kivyake dukani yaweza kuhamishwa.

Kompyuta pepe ikishindikana, njia iliyobaki ni nzuri pia, na kwa ofisi kama yako huenda ndiyo utakayoipenda zaidi: tafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, ya Intel kizazi cha 3 au cha 4. Kompyuta kama Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na Lenovo ThinkCentre M93p zilitengenezwa wakati Windows 7 ikiwa hai, draiva zake zote zipo, na nyingi zina tundu halisi la COM nyuma. Wauzaji wa kompyuta zilizotumika wanazo, Kariakoo na kwingineko. Usinunue kizazi cha 8 au cha 10 kwa kuambiwa kwamba "inakubali Windows 7", hata kama bei ni nzuri. Ukiipata, badilisha diski yake uweke SSD ya SATA, ambayo Windows 7 inaielewa, weka betri ndogo mpya ya CR2032 kwenye bodi kuu, na isiunganishwe na mtandao. Laptopu yako itabaki na Windows 11 kwa kuchora, barua pepe na malipo. Chomeka vyote kwenye UPS, si moja kwa moja ukutani, maana umeme uliokuunguzia kompyuta ya kwanza bado upo.

Niliahidi kueleza habari ya kubadilisha BIOS. Kinachotakiwa na Windows 7 hakipo kwenye toleo lolote la programu hiyo kwa laptopu yako. Hakuna "ya zamani" ya kuirudishia. Fundi atalazimika ama kuandika programu ya mashine nyingine, ama kuibadili iliyopo, na mashine za sasa hukagua saini ya programu hiyo kabla ya kuwaka. Saini isipolingana, laptopu haitawaka kabisa, hata kwa Windows 11, na dhamana ya muuzaji itakuwa imepotea.

Yapo mambo ambayo unahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La kwanza ni diski ya kompyuta iliyoungua. Umeme ukiunguza bodi kuu, diski mara nyingi hupona, na ndani yake kuna michoro yako ya miaka yote pamoja na programu ikiwa imeshasajiliwa. Usiichomeke kwenye laptopu ukajaribu kuwaka nayo, na mtu asiifomati. Fundi aiunganishe kwa kifaa cha USB kwenda SATA, anakili folda zako kwanza, kisha atoe taswira kamili ya diski nzima na kuigeuza kuwa diski ya kompyuta pepe, ili Windows 7 yako ileile ifunguke ndani ya dirisha. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugongagonga, asiendelee kuiwasha. Hiyo ni kazi ya wanaookoa data, na kila ukiiwasha unapunguza nafasi yao. La pili ni kifunguo kilichopinda au kilichoungua: kipeleke kwa aliyekuuzia programu, kwa sababu fundi wa mtaani akikilehemu kwa risasi na kukosea, leseni yako imekwenda nacho.

Kabla hujamkabidhi mtu kazi hiyo, muulize kama amewahi kuhamisha kompyuta ya zamani kwenda kompyuta pepe, na akuonyeshe atakakoweka nakala ya diski kabla ya kuigusa. Akikosa jibu la swali la pili, ondoka na diski yako.

Siku mashine itakapokubali, iwe kwa draiva mpya, kompyuta pepe au kompyuta ya mezani, usianze na oda ya mteja. Weka kipande cha stika cha kutupa, ukate duara la sentimita 10, halafu neno refu lenye herufi za mviringo. Duara lisipofunga pale lilipoanzia, au neno likikatika katikati, angalia kwanza kama kasi ya mawasiliano kwenye programu, ambayo mara nyingi ni 9600, inalingana na iliyowekwa kwenye mashine, na kama udhibiti wa mtiririko umewashwa pande zote mbili. Likitoka sawa mara kadhaa mfululizo, funga kila kitu, unakili folda nzima ya kompyuta pepe au taswira ya diski kwenye diski ya nje, na uitunze mbali na ofisi pamoja na karatasi yenye ile namba ya tarakimu 48.